Umefika Ngapi? Bei na Adabu ya Kuchaji Gari la Umeme Nairobi

Wenye magari ya umeme Nairobi husalimiana kwa kuulizana, "Umefika ngapi?" Gari la pili likiingia kwenye maegesho ya jumba la maduka Jumamosi adhuhuri na kukuta chaja ina mtu, dereva hushusha kioo, huuliza, na jibu huja kwa asilimia. "Sitini na mbili, boss." Kimya kidogo. Kisha linafuata swali lililomfanya ashushe kioo tangu mwanzo: "Ukifika themanini utanitolea?"

Wapo wasiouliza, maana macho yanatosha. Gari la umeme linaloonekana sana kwenye barabara za jiji hili ni Nissan Leaf iliyotumika Japani kabla ya kuletwa hapa, na juu ya dashibodi yake pana taa tatu ndogo za buluu ambazo mtu aliye nje huziona kupitia kioo cha mbele. Ikimweta ya kwanza, tafuta kahawa. Ikimweta ya tatu, kaa karibu. Zikiwa zimezimika zote tatu huku kebo ingali imechomekwa, basi betri ilishajaa zamani na mwenyewe yuko ghorofa ya pili anatazama filamu.

Themanini haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Betri ya lithiamu hupokea umeme kwa fujo ikiwa tupu na kwa kusuasua ikikaribia kujaa, sawa na matatu ya abiria kumi na wanne: kumi wa kwanza hupanda kwa dakika moja, wanne wa mwisho ni kubanana, kupitisha mifuko na kubembelezana na kondakta. Kwenye chaja ya kasi, Leaf yenye betri ya uniti 40, yaani kilowati-saa 40, hufika asilimia 80 kwa muda wa saa moja hivi, kisha kompyuta ya gari yenyewe hupunguza mkondo ili isiumize seli. Asilimia 20 zilizobaki zinaweza kula muda unaokaribia ule wa themanini za mwanzo. Aliyeng'ang'ania hadi mia moja amepata kilomita chache kwa muda ambao ungemfikisha mwenzake nyumbani.

Leaf ina lake lingine. Betri yake haina maji ya kuipoza. Hupozwa na upepo tu. Ukiichaji kwa kasi, ukaendesha mbio kwenye barabara kuu, kisha ukaichaji kwa kasi tena siku hiyohiyo, kipimo cha joto hupanda na kasi ya kuchaji hushuka. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa pale mbele yako kwa saa nzima bila kosa lolote. Tazama kipimo chake cha joto kabla ya kumlaumu.

Baada ya kusikia malalamiko mengi ya pande zote mbili nimefikia uamuzi ambao huenda usiwapendeze wapenda mabango: adabu kwenye chaja hufuata namna ya kulipisha. Pasipo bei, hakuna bango litakalosaidia. Panapolipishwa kwa uniti peke yake, gari lililokwama kwenye asilimia 97 halimgharimu mwenyewe karibu chochote, kwa sababu uniti haziingii tena. Gharama yote inamwangukia anayesubiri. Na umeme wa bure ndio huleta ugomvi kuliko wote. Mtu mwenye soketi nzuri nyumbani kwake, ambaye angechaji usiku akiwa amelala, huja kukaa nusu siku kwenye chaja ya bure ili kuokoa mia tatu, huku dereva wa teksi mwenye asilimia nane akizunguka maegesho.

Tesla walilijua hilo mapema. Wanunuzi wao wa kwanza walichaji bure, na vituo vikageuka maegesho. Desemba 2016 kampuni ilianza kutoza senti 40 za dola kwa kila dakika gari linapobaki kwenye chaja baada ya kujaa, na kumsamehe atakayeliondoa ndani ya dakika tano. Ujerumani, kampuni ya umeme ya EnBW huanza kuhesabu baada ya saa nne: senti kumi za yuro kwa dakika, hadi yuro 12 na basi. Hawa hawakuandika "tafadhali wafikirie wenzako" ukutani. Waliweka saa. Sioni kwa nini wamiliki wa chaja za hapa waone haya kufanya vivyo hivyo, mradi programu ya simu imtumie mteja ujumbe dakika kumi kabla, maana foleni ya supamaketi nayo haina huruma.

Teksi ndizo zilizonifundisha uzito wa dakika hizo. Kati ya 2018 na 2022 Nairobi ilikuwa na huduma ya teksi za umeme, NopeaRide, iliyolazimika kujitafutia chaja zake kwenye majumba ya maduka kabla wengi hawajajua chaja ni nini. Dereva wa teksi hulipa mara mbili: analipia umeme, halafu anapoteza wateja anaowakosa akiwa amesimama. Kwake nusu saa ya kumngoja mtazama filamu ni abiria wa Westlands aliyechukuliwa na mwingine. Kama ningepewa nafasi ya kuandika sheria moja tu ya chaja za jiji, ingekuwa kwamba anayetafuta riziki kwa gari hilo aombe na apewe nafasi, na aliyekuja kununua viatu aondoke kwenye themanini bila kununa.

Tuje kwenye shilingi zenyewe.

Gari dogo la umeme hutumia uniti 16 hivi kwa kilomita 100, zaidi kidogo ukiwa mtu wa mbio. Kuna zinazopotea njiani kama joto wakati wa kuchaji, tuseme moja kwa kila kumi. Kwa hiyo mwenye kuendesha kilomita 1,000 kwa mwezi atanunua uniti 175 hivi. Tokeni za nyumbani, ukishajumlisha kodi na tozo zote zinazojipanga kwenye ujumbe wa kampuni ya umeme, Kenya Power, huangukia kati ya shilingi 25 na 30 kwa uniti kwa mtumiaji wa kawaida. Chukua 28. Mwezi wako ni shilingi 4,900. Gari la petroli linaloenda kilomita 12 kwa lita kwenye msongamano wetu lingekunywa lita 83, na kwa petroli ya shilingi 180 hapo ni karibu 15,000. Hata ukikuta chaja ya barabarani inayotoza 50 kwa uniti, bado hufiki 9,000. Anayekumbuka Oktoba 2023, petroli ilipofika shilingi 217.36 Nairobi, hahitaji kushawishiwa.

Kuna mtego, hata hivyo, ambao wauzaji wa magari hawautaji. Bei ya umeme wa nyumbani Kenya imegawanywa kwa madaraja. Anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi yuko kwenye daraja la chini, la kusaidia wasiojiweza. Kuanzia hapo hadi 100 ni daraja la pili. Ukizidi 100 uko la tatu, na hapo bei ya juu hukata uniti zako zote, zile za taa na friji zikiwemo. Kinachoangaliwa ni wastani wa miezi mitatu. Kijana anayeishi peke yake, aliyezoea uniti 60, akinunua gari la umeme atashangaa tokeni za shilingi 500 zinaleta uniti chache kuliko zamani. Gari limempandisha daraja, na sasa hata chai yake ya asubuhi inachemka kwa bei mpya. Hesabu bado inamfaa ukilinganisha na petroli, ila afadhali mtu aijue kabla ya kujisifu ofisini.

Njia ya kuukwepa mtego huo ipo tangu Aprili 2023. Katika mapitio ya bei ya mwaka huo, mamlaka ya kawi EPRA iliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti wakati wa kawaida na shilingi 8 wakati ambao matumizi ya nchi yako chini, kabla ya kodi na tozo, kwa wasiozidi uniti 15,000 kwa mwezi. Siku za kazi, wakati huo wa chini ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Lakini bei hiyo hutaka mita yake ya pekee. Wenye mabasi na vituo huimudu na huipigia hesabu. Mabasi ya BasiGo, yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, huchajiwa zaidi usiku yakiwa yamelala kwenye bohari, na mwenye basi hulipa kwa kilomita bila kujua hata uniti ni nini. Mwenye nyumba yake binafsi Karen naye anaweza kuomba mita ya pili. Mpangaji wa fleti ya ghorofa ya nne Kilimani ataiomba kwa nani?

Fleti ndiko mambo yanakochacha. Maegesho yapo chini, mita ya mpangaji ipo juu, na soketi pekee iliyo karibu na gari ni ile ya mlinzi, iliyounganishwa na mita ya jumla: taa za ngazi, pampu ya maji, redio ya kibandani. Usiku wa kwanza mpangaji huchomeka "kidogo tu". Soketi ya kawaida ikitoa ampea 10 kwa volti 240, gari linakula kilowati 2.4, na kwa saa kumi za usingizi ni uniti 24. Kwa bei yetu ile ya 28, usiku huo ni shilingi 672 ambazo majirani kumi na watano watagawana mwisho wa mwezi kwenye ada ya huduma bila kujua wamemnunulia mtu safari. Siku wakijua, jina lake litabadilika kwenye kundi la WhatsApp la jengo.

Wanaotaka amani hufanya jambo la gharama ndogo: fundi aliyesajiliwa huvuta waya mnene kutoka kwenye ubao mkuu hadi maegesho, hufunga swichi yake ya kukata umeme na mita ndogo ya kuhesabia, na mwisho wa mwezi keateka husoma namba mbele ya mpangaji na mpangaji hulipa kwa uniti. Bei ya uniti ikubaliwe mapema na iandikwe, na isiwe ya mwenye nyumba kujitajirisha. Nimesikia ya wanaotoza mara mbili ya wanacholipa Kenya Power, wakiamini kila mwenye gari la umeme ni tajiri. Wengi wa hao matajiri walinunua Leaf ya mtumba kwa mkopo wa sacco, hasa kwa sababu petroli iliwashinda.

Ujerumani walilimaliza suala hilo kwa sheria: tangu Desemba 2020 mwenye fleti na hata mpangaji ana haki ya kudai aruhusiwe kuweka chaja kwa gharama yake mwenyewe. Uingereza nao kwa miaka mingi wamekuwa na dosari inayofanana na yetu. Umeme wa nyumbani hulipiwa kodi ya VAT ya asilimia 5, wa chaja ya barabarani asilimia 20, hivyo mwenye uwanja wake wa kuegesha huchaji kwa nafuu na asiye na uwanja hulipa zaidi kwa gari lilelile. Huko kama huku, aliyenacho huongezewa.

Tafadhali, ndugu msomaji wa fleti, usiteremshe waya wa nyongeza kutoka dirishani. Na kama ni lazima utumie waya wa nyongeza mahali popote, usiuache umezungushwa kwenye gurudumu lake. Ampea kumi kwa saa nane ndani ya waya uliojikunja hupasha plastiki hadi ilainike, na mtu aliyelala hainusi. Shika plagi baada ya nusu saa ya kwanza. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikikuchoma mkono, chomoa na uite fundi, maana soketi nyingi za nyumba zetu zilinunuliwa kwa kuangalia bei ya chini kabisa kaunta, na hazikuwahi kutarajia mzigo usiopumzika usiku kucha.

Jirani asiyeonekana ni yule mnayetumia naye transfoma. Kenya hutumia umeme mwingi kuliko wakati wowote baina ya saa moja na saa nne usiku, watu wakishafika nyumbani. Februari 2025 kilele hicho kilivuka megawati 2,300. Ndio wakati uleule ambao mwenye gari la umeme hurudi kazini na kuchomeka bila kufikiri. Baada ya hapo nchi hulala, mahitaji huporomoka, na visima vya mvuke wa Olkaria vikiwa bado vinavuma, kuna nyakati mvuke huachiwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Leaf ina saa ya kuchaji ndani yake. Weka saa tano usiku na uende ukale. Wanaotumia tokeni wana sababu ya ziada ya kuwa makini: zikiisha saa tisa usiku, gari huacha kuchaji, na pamoja nalo friji, taa ya korido na intaneti ya mtoto anayesomea mtihani. Nunua kabla ya kulala, na unapopiga hesabu usisahau kwamba gari peke yake litakula uniti ishirini na kitu.

Turudi barabarani, kwa mambo madogo yanayoudhi. Gari la petroli kuegeshwa mbele ya chaja ni kosa la kawaida, na mara nyingi ni kwa kutojua. Mlinzi wa maegesho ndiye wa kuambiwa, kwa upole, kwani yeye ndiye atakayelinda nafasi hiyo kesho. Gari la umeme lililoegeshwa hapo bila kuchomekwa halina utetezi. Kuchomoa kebo ya mwenzako ni jambo zito. Plagi ya Leaf ya Japani ya kuchaji polepole inaweza kuchomolewa na yeyote aliyebonyeza kitufe chake kama mwenyewe hakuifunga, na kuna walioweka kufuli dogo kwenye tundu la kitufe hicho, ishara kwamba walishaumizwa. Kanuni ninayoiona ya haki: gari ambalo bado linachaji haliguswi; lililojaa, taa zote zimezimika, mpigie simu mwenyewe kwanza. Ndiyo maana kikaratasi chenye namba ya simu na saa ya kurudi, kikiwekwa nyuma ya kioo cha mbele, kina thamani kuliko maneno yote ya kituo. Na ukimaliza, rudisha kebo kwenye ndoano yake. Kebo ya chaja ya kasi ni nzito, na ikiachwa chini hukanyagwa na magurudumu, hujaa matope ya Aprili, na anayefuata huishika kwa suti ya kazini.

Wenzetu wa bodaboda za umeme hawazijui kero hizi. Wao hubadilisha betri kituoni, iliyoisha kwa iliyojaa, na kuondoka. Kigali na Nairobi wamelizoea, na hakuna anayemuuliza mwenzake amefika ngapi.

Limebaki la Desemba, ambalo sijaliona likiandikwa popote: kwenda ushago na gari la umeme. Unafika kwa mama jioni ya tarehe 23, betri asilimia 15, watoto wamechoka, na kabla hata ya chai unatafuta soketi. Nyumba ya mama ina taa nne, redio na chaja ya simu. Kwa mwezi hamalizi uniti 25, hivyo yuko kwenye lile daraja la chini. Ukichaji usiku tatu kwa uniti 25, mwezi wake wa Desemba unafika 100. Wastani wa miezi mitatu unaruka hadi 50, na mama anapandishwa daraja. Wewe umesharudi Nairobi. Yeye Januari ananunua tokeni za mia mbili kama kawaida yake, zinaisha mapema, na anadhani mita imeharibika.

Hivyo namba ya mita ya mama huombwa kabla ya kuondoka jijini. Ununue tokeni kupitia Paybill 888880, umsomee tarakimu zote kwa simu, na uzidishe vya kutosha kufidia miezi ya daraja jipya, bila kumweleza madaraja maana atakukataza. Au chaji nusu tu kwake na nusu nyingine mjini, ukienda kununua nyama. Umpigie pia fundi wa kijijini mapema. Nyumba nyingi za huko hazina waya wa ardhi ulio sawasawa, na kebo ya kuchajia ya kubeba hupima hilo kabla ya kuruhusu umeme upite. Isipoupata huwasha taa nyekundu na kugoma, hata ubadilishe soketi zote za nyumba. Atakayekwambia kuna njia ya kuidanganya ile taa ni kweli anaijua, ila usimruhusu: gari limesimama kwenye nyasi zenye umande, na alfajiri wajukuu watakuwa wakichezea mlango wake. Fimbo ya shaba ikachimbiwe nje ya ukuta, waya ufungwe, na mama abaki na nyumba iliyo salama kuliko ulivyoikuta.